Samadi na Mwaka Mmoja

  Natumaini baba amerudi kutoka kazini, na mama aliye jikoni ameacha mlango wazi ili naye asikie, maana maneno ya leo yanamhusu yeye kuliko wengi wetu.

Mnaukumbuka mfano wa mtini katika Injili ya Luka, mlango wa 13. Mwenye shamba alikuja miaka mitatu akitafuta matunda, asipate hata moja. Akaamuru mti ule ukatwe, kwa kuwa ulikalia nafasi bure. Lakini mtunza shamba akamsihi. Aliomba ruhusa ya kuchimba pande zote za mti, aliomba kutia samadi, na aliomba mwaka mmoja. Wahubiri husema mfano huu ni juu ya toba, na ni kweli. Ila leo nataka tusimame kidogo karibu na yule mtunza shamba mwenyewe. Mtu huyu aliijua kazi yake. Hakuulaumu mti, aliutazama udongo. Na alijua ya kuwa udongo uliochoka hauponi kwa siku moja.

Sasa tutoke Uyahudi, twende nyuma ya nyumba zetu. Tumchukue mama mwenye robo ekari. Amepanda sukuma wiki, kabichi kidogo, na mahindi upande wa chini. Sukuma wiki ndiyo ada ya shule, ndiyo chumvi na sabuni. Asubuhi moja anageuza jani, anakuta vidukari wamejazana chini yake kama vumbi la kijivu. Afanye nini? Kule sokoni kuna duka lenye chupa nyingi rafuni. Anauziwa kidogo, kwa kipimo cha kifuniko, kwa sababu chupa nzima hawezi kuinunua. Anarudi nayo katika chupa ya soda. Jioni ananyunyiza. Kesho yake vidukari wamekufa, na kesho kutwa mboga iko sokoni.

Mimi simlaumu mama huyu. Ana watoto na ana deni. Lakini kuna mambo mawili hapo ambayo lazima niyaseme wazi.

La kwanza ni hilo la kesho kutwa. Kila dawa ya kunyunyizia mboga ina siku zake za kungoja kabla ya kuvuna. Siku hizo zimeandikwa katika karatasi iliyobandikwa kwenye chupa. Nyingine ni siku chache, nyingine ni majuma mawili au zaidi. Aliyeuziwa kwa kifuniko hakupewa karatasi. Basi hajui. Na anayekula mboga ile jioni, pengine mtoto wake mwenyewe, hajui pia.

La pili ni ile chupa ya soda. Hospitali zetu zinajua habari zake. Mtoto anarudi kutoka shule na kiu, anaiona chupa anayoifahamu imesimama pembeni, anakunywa. Niongeze kwamba lugha yetu hapa haitusaidii. Kinachomponya mtoto malaria tunakiita dawa, na kinachoua wadudu shambani tunakiita dawa vilevile. Mtoto wa miaka minne ataelewaje tofauti? Nyumbani mwako iite sumu. Sema, “Hiyo ni sumu ya wadudu.” Neno hilo moja halina gharama yoyote.

Na ukiwa unazo chupa hizo, tazama chini ya ile karatasi. Kuna ukanda wa rangi. Mwekundu maana yake ni sumu kali kabisa, halafu unafuata wa manjano, halafu wa buluu, na wa kijani ni hafifu zaidi. Hata asiyejua kusoma aweza kuzijua rangi hizo. Mfundishe mzee, mfundishe kijana wa kibarua.

Watu wa nchi tajiri walijifunza jambo hili kwa uchungu. Huko Marekani, katika mji wa East Lansing, jimbo la Michigan, kuanzia mwaka wa 1954 walinyunyizia miti yao mikubwa ya elmu ile sumu iitwayo DDT. Nia yao ilikuwa njema, walitaka kuokoa miti isiangamizwe na ugonjwa. Majani yalipoanguka, nyungunyungu wakayala. Ndege wakaja kwenye nyasi za Chuo Kikuu, zile nyasi nzuri zilizokatwa vizuri, wakawala nyungunyungu. Ndege wakafa. Hakuna aliyemnyunyizia ndege hata mmoja, lakini sumu ilimfikia kwa njia ya jani na ya mnyoo. Bibi Rachel Carson aliieleza habari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962, watu wengi wakashtuka, na mwaka wa 1972 serikali ya Marekani ikakataza DDT isitumike mashambani.

Na maadamu tumetaja nyasi, niseme neno moja kwa ndugu wanaotunza uwanja wa kanisa au wa shule. Nyasi inayopendwa duniani kwa viwanja vya namna hiyo, hata huko Australia, ni nyasi ya kwetu. Wazungu wanaiita kwa jina la Wakikuyu, kwa sababu ilitoka katika nyanda zetu za juu. Kumbe kule California huonekana ni gugu baya, na watu hununua sumu ya kuiua! Hapa petu haihitaji dawa wala mbolea ya duka. Usiikate mpaka ardhi ionekane, iache iwe na urefu wa vidole vitatu au vinne, ijifunike yenyewe. Vipande ulivyokata viache palepale, vitaoza na kuwa chakula chake. Gugu likitokea, kuna jembe na kuna vijana wa shule ya Jumapili. Basi, tuuache uwanja, maana hatuli nyasi.

Turudi kwenye udongo. Wakulima wa Trans Nzoia na Uasin Gishu, na wengi wa Magharibi, wanajua kilio hiki. Zamani gunia moja la mbolea ya dukani lilileta mahindi mengi. Sasa mtu anatia mbolea ileile, mwaka hata mwaka, na mahindi yanapungua. Sababu moja ni hii: ile mbolea ya kupandia inayojulikana kwa herufi DAP, ikitumiwa peke yake miaka mingi, huufanya udongo uwe na asidi. Udongo ukiwa hivyo, chakula kilichomo hufungwa, mzizi haukipati. Unalisha shamba ambalo haliwezi kumeza. Chokaa ya shambani husaidia, na afisa wa kilimo anaweza kukuonyesha jinsi ya kupima udongo. Lakini kitu kinachourudishia udongo uhai wake ni vitu vilivyooza, yaani samadi na mboji.

Mboji si takataka iliyotupwa kwenye shimo. Mboji hutengenezwa kama chakula. Chini kabisa weka mabua makavu ili hewa ipite. Juu yake majani makavu, kisha majani mabichi, kisha samadi ya ng'ombe au ya mbuzi au ya kuku, kisha udongo kidogo wa juu. Nyunyiza maji, halafu anza tena, safu juu ya safu, mpaka lundo lifike kifuani. Majivu nyunyiza kidogo tu, tena yasikae moja kwa moja juu ya samadi mbichi, maana hufukuza ile nguvu ya samadi ikapotea hewani. Utaijua kwa harufu kali inayochoma pua. Kisha chomeka fimbo ndefu katikati ya lundo. Baada ya siku chache ichomoe, uishike. Ikiwa ya moto, kazi inaendelea vizuri. Ikiwa baridi na kavu, lundo lina kiu. Ikiwa baridi na inanuka vibaya, maji yamezidi, ligeuze. Ligeuze tena baada ya majuma matatu hivi, na katika miezi miwili au mitatu utapata udongo mweusi unaonukia msitu baada ya mvua. Fimbo hiyo ndiyo daktari wako, na imetoka kwenye ua.

Kwa wale wa Magharibi na Nyanza nina habari nzuri zaidi. Kuna ule mmea wa maua ya manjano unaofanana na alizeti, unaoota kando ya barabara na kwenye ua za watu. Wengi huuita alizeti mwitu, na wataalamu huuita tithonia. Asili yake ni Mexico, lakini umekaa nasi siku nyingi mpaka tumeusahau. Katika miaka ya 1990 watafiti walioshughulika na mashamba ya huko Maseno waliyapima majani yake. Wakakuta yana chakula kingi cha mimea: nitrojeni kiasi cha sehemu tatu na nusu katika mia ya majani makavu, potasiamu kama sehemu nne katika mia, na fosforasi pia, ambayo udongo wa huko unaikosa sana. Na majani hayo huoza upesi. Kata yaliyo laini pamoja na vijiti vyake vichanga, yakate vipande, yafukie shambani juma moja kabla ya kupanda. Au yajaze katika gunia, ulitumbukize ndani ya pipa la maji, ufunike, ungoje majuma mawili. Maji yale yatanuka, nakuonya, lakini ukiyachanganya na maji mengine na kumwagilia sukuma wiki penye shina, utaona jani linavyobadilika rangi.

Lakini nisikudanganye. Kwa shamba kubwa la mahindi njia hii ina jasho jingi kupita faida, kwa kuwa majani mabichi mengi mno yanatakiwa, na mgongo wako ndio utakaoyabeba. Itumie kwenye mboga, mahali padogo penye fedha.

Sasa wadudu. Watu wa Pwani, na wa Ukambani, na wa nchi zote za joto, mnao mwarobaini. Mti huu uliletwa kutoka upande wa Bara Hindi, na wazee wetu wakaupa jina kwa kuwa walisema unatibu magonjwa arobaini. Sitaki kubishana nao juu ya hesabu hiyo. Ninalojua ni kwamba mbegu yake ina kitu kinachoitwa azadiraktini, na kitu hicho huwavuruga wadudu. Kiwavi akikila, hamu ya chakula inamwishia, tena anashindwa kujivua ngozi yake ya zamani ili akue. Hafi papo hapo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mtu ananyunyiza saa kumi na moja jioni, anakuja asubuhi, anamwona kiwavi bado anatembea, anasema, “Hii si kitu,” anakimbilia dukani. Lakini kiwavi yule hali. Mtazame jani badala ya kumtazama kiwavi. Hesabu matundu leo, uhesabu tena baada ya siku nne.

Andika, kama una kalamu. Okota mbegu zilizoanguka, toa nyama yake ya nje, zianike kivulini mpaka zikauke vizuri zisipate ukungu. Twanga gramu 500 za kokwa kwa maji lita 10. Usitwange katika kinu cha chakula, maana uchungu wake hautoki. Loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo ya kipande ili ishike kwenye jani. Nyunyiza jioni, kwa sababu jua huharibu nguvu yake, na pia jioni nyuki wamekwisha rudi nyumbani. Pitisha chini ya majani, maana huko ndiko vidukari wanakojificha. Rudia baada ya juma moja, au mvua ikinyesha. Majani ya mwarobaini nayo yanafaa, lakini ni dhaifu kuliko mbegu, basi uyatumie mengi: kilo moja ya majani mabichi kwa lita tano za maji.

Ndugu wa Limuru na Nyandarua watasema, “Mwarobaini huko kwetu haukui kwa baridi.” Ni kweli. Lakini nyinyi mna pareto. Kwa miaka mingi katika karne iliyopita Kenya ndiyo iliyoongoza dunia nzima kwa maua hayo meupe. Tuliyapeleka ng'ambo kwa magunia, yakageuzwa kuwa dawa ya mbu na ya mende, kisha tukauziwa tena katika mkebe. Halafu malipo yakachelewa, wakulima wakang'oa, na sasa katika sehemu nyingine wanapanda upya. Pareto huua wadudu upesi, kisha yenyewe huharibiwa na jua kwa muda mfupi, haikai kwenye udongo miaka na miaka.

Hapa lazima nisimame. Kuna watu wanaofikiri kwamba kila kitu kilichotoka kwenye mmea ni salama. Si hivyo. Pareto inaua nyuki, na ikiingia mtoni inaua samaki. Tumbaku iliyolowekwa huua vidukari, lakini maji yale ni sumu kali kwa mtu pia, yanapita hata kwenye ngozi, wala siwashauri hata kidogo myatumie kwenye mboga. Mungu aliumba mimea mingi yenye sumu, na hakuiandika lebo. Basi hata dawa ya majani uiweke mbali na watoto, osha mikono, osha mboga, na ijaribu kwanza kwenye mimea mitatu minne kabla ya kunyunyiza bustani nzima.

Lakini jambo ambalo nimelitamani sana kuwaeleza leo ni la mahindi, na linatoka hapahapa kwetu, Mbita, kwenye ufuo wa Ziwa Victoria. Mwaka wa 1970 Profesa Thomas Odhiambo, Mkenya, alianzisha kituo cha utafiti wa wadudu kinachoitwa ICIPE, makao yake Nairobi. Wakati ule wengi waliona mdudu ni wa kuuawa tu. Yeye alitaka mdudu asomwe. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa kituo hicho, wakiongozwa na Daktari Zeyaur Khan, wakishirikiana na wenzao wa Rothamsted huko Uingereza, walikuwa wakimtafuta adui wa funza anayetoboa bua la mahindi. Mkulima anamjua funza huyo. Nje muhindi unaonekana mzima, ukipasua bua unakuta njia yake, na sumu ukinyunyiza haimfikii kwa urahisi, kwa sababu yumo ndani.

Walichogundua ni hiki. Mama wa funza ni nondo anayeruka usiku, naye huchagua mahali pa kutaga mayai kwa kunusa. Kuna majani anayoyapenda kuliko mahindi, nayo ni nepia, yale majani marefu tunayowakatia ng'ombe. Na kuna mmea ambao harufu yake humchukiza, nao ni desmodiamu, mmea unaotambaa, wa jamii ya maharagwe. Basi ukipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi, na nepia mistari mitatu kuzunguka shamba lote, nondo anafukuzwa ndani na kuvutwa nje. Anataga kwenye nepia. Na nepia, funza wadogo wakijaribu kuitoboa, hutoa utomvu unaonata, wengi wakanaswa na kufa humo. Wakaiita njia hiyo vuta-sukuma. Hakuna chupa hata moja.

Kisha wakaona jambo ambalo hawakulitafuta. Penye desmodiamu lile gugu la maua ya zambarau, ambalo Waluo huliita kayongo, lilikuwa linatoweka. Mnalijua, ninyi wa Siaya na Busia na Vihiga. Linajishika kwenye mizizi ya mahindi na kuinyonya, na watu wamesema ni laana ya ukoo. Si laana. Mmea mmoja wake hutoa mbegu nyingi mno, makumi ya maelfu, ndogo kama unga, nazo hukaa ardhini miaka mingi zikingoja mzizi wa mahindi upite karibu. Mizizi ya desmodiamu hutoa vitu viwili. Kimoja huidanganya mbegu ya kayongo iote, na kingine huizuia isiufikie mzizi wa muhindi. Imeota, haina pa kunyonya, inakufa. Basi kila msimu akiba ya mbegu ardhini inapungua. Juu ya hayo desmodiamu hutia nitrojeni udongoni kama maharagwe yafanyavyo, hufunika ardhi isikaushwe na jua, na ng'ombe na mbuzi huipenda sana. Waliokuwa na mbuzi mmoja waliweza kufikiri juu ya ng'ombe wa maziwa.

Hata wale viwavijeshi wageni kutoka Amerika, walioingia Afrika mwaka wa 2016 na kufika kwetu mwaka wa 2017, wamepatikana wachache sana katika mashamba ya namna hiyo kuliko ya jirani. Mahali pengine watu huwaokota kwa mkono, au hutia majivu na mchanga katika moyo wa muhindi. Inachosha, ndiyo, lakini kwa shamba dogo inawezekana, tena ikifanywa mapema kiwavi angali mdogo.

Sasa, ugumu wake? Upo. Mbegu ya desmodiamu ni ghali na ni ndogo sana. Msimu wa kwanza huota polepole, na ukiiacha bila kuipalilia mapema inamezwa na magugu, na wewe utasema umeibiwa. Palilia kwa mkono majuma matatu baada ya kupanda, na tena karibu na juma la sita. Msimu wa pili ndipo inaposhika ardhi, na hapo kazi yako itakuwa kuipunguza kwa panga isipande juu ya mahindi. Haingolewi kila mwaka, inakaa. Kwa sababu hiyo usiianzishe katika shamba la kukodi la msimu mmoja. Na mume na mke wapatane kwanza, maana nimesikia mahali ambapo mke alipanda, na mume akang'oa ili apate nafasi ya viazi. Mashamba yetu mengi yanashindwa kwa sababu hiyo kuliko kwa sababu ya funza.

Nina dakika chache, na bado sijawaambia habari za muhogo. Katika miaka ya 1970 mdudu mweupe kama unga aliingia Afrika kutoka Amerika ya Kusini, akaanza upande wa Kongo, akaenea nchi kwa nchi, akila mashamba ya muhogo ya watu maskini kabisa. Nchi hizo zingenyunyiza sumu mpaka lini? Wataalamu wakauliza: huko mdudu huyu alikotoka, nani anamzuia? Wakatafuta, na mwaka wa 1981 akapatikana Paraguay. Huko walikuta nyigu mdogo sana, mdogo kuliko mbegu ya ufuta, anayetaga mayai ndani ya mdudu yule. Wakamlea, wakahakikisha hadhuru kitu kingine, wakamwachilia Afrika. Kazi hiyo iliongozwa na Daktari Hans Herren, Mswisi, ambaye mwaka wa 1995 alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia, na ambaye baadaye aliongoza ICIPE hapa Nairobi mpaka mwaka wa 2005. Mkulima wa muhogo hakununua kitu, hakubeba pampu. Wengi wao hata hawakujua kwamba aliwasaidia nyigu. Na kule Werugha, katika milima ya Taita, mwaka wa 2002 aliachiliwa nyigu mwingine, kutoka Taiwan, awatafute viwavi wa kabichi.

Lakini sikilizeni, nyigu huyo hufa kwa sumu ileile inayomuua kiwavi. Mkulima akinyunyiza kila Jumatatu kwa mazoea, anawaua askari pamoja na wezi, na wezi ndio wanaorudi kwanza. Hata hao wadudu wadogo wa mviringo, wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, mnaowaona kwenye sukuma wiki, msiwaue. Wanakula vidukari, na watoto wao, wale weusi wenye miba kama mamba mdogo, wanakula zaidi. Mama wengi huwaponda wakidhani ni adui.

Msikilizaji mmoja aliniuliza ikiwa nasema watu waache kabisa dawa za duka. Sikusema hivyo. Mwenye deni na shamba linaloliwa sitamwambia akae akingoja nyigu. Ninasema uanze na mahali padogo. Acha mistari miwili ya sukuma wiki bila sumu, uitunze kwa mboji na mwarobaini, na mboga ya nyumbani ichumwe humo. Mistari mingine ifuate kadiri udongo wako unavyopona. Kule kwenye mlango wa 13 wa Luka hatukuambiwa kama mtini ulizaa. Tumeambiwa tu kwamba mtu aliomba mwaka mmoja, akachukua jembe.

Wale wanaotaka mbegu ya desmodiamu waulize kwa afisa wa kilimo aliye karibu nao, waulize mapema kabla ya mvua ndefu, maana huisha upesi. Na jirani aliyekwisha kupanda anaweza kukukatia vipande vya mmea wenyewe, vyenye vifundo, navyo hushika mizizi vizuri ardhi ikiwa na maji. Mpelekee kuku au maziwa kidogo, usiende mikono mitupu. Muda wetu umekwisha. Mbaki salama, na tuonane juma lijalo.